Firigisi na Meza Iliyotoboa Ukuta

Hapo zamani, si zamani ile ya sungura kuvaa koti, bali zamani ya juzi ambayo bado ina watu wa kuishuhudia, palikuwa na mji uitwao Darajani. Mji uliitwa hivyo kwa sababu ulikuwa na daraja, na daraja lilikuwa la mvule mtupu, na mvule ule ulipasuliwa kwa mikono na babu za watu wa mji ule. Mmoja alisimama juu ya gogo, mwingine alisimama shimoni chini yake, wakavutana msumeno tangu asubuhi hadi jioni. Wa juu alipata upepo na sifa. Wa shimoni alikula unga wa mbao. Mkumbukeni huyo wa shimoni, maana kila kazi ina mtu wake wa shimoni, na siku ya sifa ndiye wa kwanza kusahauliwa.

Katika mji huo palikuwa na nyumba ya Mzee Mwanjisi. Humo aliishi Mzee mwenyewe, aliyekuwa amefiwa na mkewe, mwanawe wa kiume, Gwakisa, binti yake, Lugano, ambaye hakuwa ameolewa wala hakuwa na haraka hiyo, wajukuu wawili, na Tusekile, mke wa Gwakisa na mama wa wajukuu hao. Jumla sita. Hesabuni vizuri, kwa sababu mbele ya safari kuna mtu mzima atakayeikosea hesabu hii.

Mji ule ulikuwa na mila yake. Mkamwana hauoni uso wa baba mkwe wake, na baba mkwe hauoni uso wa mkamwana wake. Wakikutana njiani, mwanamke huchepuka shambani, hata kama ni shamba la mtu mkali. Hawasemezani. Hawali pamoja. Jambo hilo liliitwa heshima, na mimi siigombi heshima. Nauliza tu kwa nini heshima hiyo ilikuwa inakula jikoni peke yake.

Kwa miaka saba Tusekile alimfahamu baba mkwe wake kwa kikohozi na kwa mburuzo wa ndara. Naye Mzee alimfahamu mkamwana wake kwa ufagio wa alfajiri na kwa mchuzi. Siku moja walionana kwa mbali sokoni, kila mmoja akamkimbia mwenzake, na wote wawili wakaenda kujificha kwenye genge lilelile la nyanya, mmoja upande huu wa matenga, mwingine upande ule. Walikaa wameinama hivyo robo saa nzima, hadi mwenye nyanya akawauliza wanachagua au wanasali.

Jiko la nyumba ile liliungana na sebule kwa ukuta mmoja, na ukuta huo haukuwa na mlango, kwa sababu ya heshima hiyohiyo. Chakula kikiiva, Tusekile alikiweka nje ya mlango wa jiko, akakohoa, akarudi ndani. Lugano alikibeba, akazunguka nyumba, akapita banda la kuku, akapita pipa la maji, akaingia kwa mlango wa mbele. Siku za mvua mchuzi uliongezeka njiani. Mzee akala vilivyopoa miaka saba, akaamini kwamba mkamwana wake si mpishi hodari, ila ana juhudi. Na Tusekile alikula juu ya kigoda, sahani magotini, akisikiliza wenzake wakicheka mkekani upande wa pili wa tofali. Mara nyingine walicheka maneno aliyoyasema yeye asubuhi, ambayo mumewe alikuwa akiyasimulia kana kwamba ni yake.

Ikaja siku daraja la zege likakamilika, na lile la mvule likabomolewa. Msimamizi wa ujenzi akatangaza kwamba kila nyumba ambayo babu yake alipasua mvule ule itachukua mbao mbili, mradi iziondoe kabla jua halijazama. Watu wa Darajani wakafurahi, kisha wakafanya jambo ambalo watu wa Darajani tu wangeweza kulifanya. Kwa kuwa kila mbao ilikuwa na urefu wa futi kumi na nane na haikubebeka, waliikata vipande ili ibebeke. Walipofika navyo nyumbani wakagundua kwamba wamebeba kuni. Mvule wa miaka themanini ukachemsha maharage mji mzima.

Mzee Mwanjisi alipopata habari hiyo aliacha kula. Baba yake ndiye aliyekuwa shimoni chini ya mvule ule.

"Sitaki jasho la baba yangu lichemshe maharage," akasema. "Magoti yangu nayo yamegoma mkekani. Nataka meza ya kulia, meza ya nyumba yangu yote. Na atakayeifanya iwe meza ya nyumba yangu yote, siku ya kwanza tukila juu yake, firigisi ni ya kwake."

Kwa msiojua uzito wa maneno hayo, sikilizeni. Kuku ana mapaja mawili na mabawa mawili, lakini firigisi anayo moja tu. Mjini Darajani firigisi huliwa na mwenye nyumba, na mla firigisi ndiye mwenye neno la mwisho. Nani asome, nani aolewe, ng'ombe yupi auzwe: mtajadiliana mpaka makoo yakauke, lakini mwisho wa yote mtamgeukia aliyekula firigisi. Mzee alikuwa ameila miaka arobaini bila kupumzika. Kuiahidi kwa mtu mwingine ilikuwa sawa na kuvua kilemba mbele za watu. Na hakusema kwamba ni ya siku moja.

Upande wa pili wa ukuta, mwiko ulisimama chunguni. Neno la mwisho, aliwaza Tusekile. Yeye hakuwa na hata la kwanza.

Basi Lugano na kaka yake wakaenda darajani kuchukua mbao zao. Gwakisa alizitazama, akaenda kuazima msumeno. Lugano akaukalia ule msumeno. Alisema mbao hizi hazitakatwa, na mwenye haraka ya kuni aende porini. Alizifunga kamba, akazisukuma mtoni, kwa sababu mto ule ulipita chini ya kiwanja chao. Mvule mkavu huelea, ingawa huelea kwa uvivu, kama mgeni anayeombwa ahamie kiti kingine. Lugano akaingia majini hadi kifuani, akaziongoza kona baada ya kona. Penye mawe zilimbana, akapoteza ukucha wa kidole gumba cha mguu. Jua likigusa kilima, mbao zikagusa kiwanja chao, zote mbili, nzima, futi kumi na nane kila moja. Na Gwakisa? Alitembea ukingoni akimpa moyo.

Mbao zikapatikana, fundi hakupatikana. Mafundi wote walikataa, na hawakuwa wazembe. Mbao za daraja zimejaa misumari iliyogongelewa na watu waliokwisha kufa, na vichwa vyake vimezama ndani havionekani. Juu ya hayo, mvule una tabia ya kuficha mawe mwilini mwake, mawe kabisa, na mpasua mbao yeyote atawaambia. Msumeno ukikutana na jiwe la mvule, msumeno ndio unaoomba radhi.

Akakubali mmoja tu, Fundi Ambokile, mwanamume asiye na mke, aliyekula kwa mama lishe asubuhi na jioni. Yeye alilaza sikio juu ya mbao, akaigonga kwa mpini wa kijiko, akasikiliza, akaweka alama ya chaki. Hapa msumari. Hapa jiwe. Hapa pazima. Akachomoa misumari mia mbili na kumi na minne, mmoja mmoja, kwa koleo. Hata hivyo misumeno mitatu iling'oka meno. Mbao zilipopigwa randa, rangi yake ikatoka kama asali iliyokaa, na hazikuwa na fundo hata moja toka mwanzo hadi mwisho.

Ndipo ikafika siku ya kuchagua. Ambokile alikunja mkeka, akachora kwa chaki sakafuni, huku Mzee akikaa juu ya ule mkeka uliokunjwa kama jaji. Sebule ilikuwa na futi kumi na nne, mbao zilikuwa na futi kumi na nane, kwa hiyo kila mchoro ulianza na msumeno. Gwakisa alitaka miguu ya simba, kwa kuwa aliiona kwa afisa mmoja. Lugano alitaka meza ya mstatili isiyo na mapambo, ili kufuta vumbi kusiwe adhabu. Mzee alitaka ya mviringo, kwa sababu ya nyonga yake na uadui wake na pembe. Walibishana tangu saa nne hadi saa saba, na kwa saa hizo tatu hakuna aliyemuuliza mtu ambaye kila siku ya Mungu ndiye angeijaza meza hiyo chakula.

Ambokile naye alikuwa akinung'unika. Alisema kuzikata mbao zile ni kama kukata doti ya khanga upate vitambaa vya kufutia pua. Lakini kazi ni kazi. Akauliza, "Mzee wangu, nyumba yako yote ni watu wangapi? Nipime viti."

Mzee akahesabu kwa vidole. Yeye mwenyewe, Gwakisa, Lugano, wajukuu wawili. "Watano," akasema.

Jikoni, mwiko uligonga chungu mara moja.

Kisha sauti ikatoka upande wa pili, sauti ambayo Mzee hakuwahi kuisikia ikisema sentensi nzima. Haikusema naye, la. Mila ni mila. Ilisema na chungu.

"Chungu, kama una masikio, mwambie fundi nyumba hii ina watu sita."

Mzee akatazama vidole vyake. Akavihesabu upya, na akaona kwamba mkono mmoja hautoshi. Naye hakuweza kumjibu mkamwana wake, kwa hiyo aliinamia alichokikalia.

"Mkeka," akasema, "kiambie chungu mila hii sikuitunga mimi. Nimezaliwa nimeikuta."

"Chungu, uambie mkeka sijaomba mila ife. Nimeomba hesabu iwe sahihi."

"Mkeka, kiulize chungu, basi tufanyeje? Ukuta ule pale. Yeye yuko kule, mimi niko huku, na meza ni moja."

Fundi Ambokile alikuwa akigeuza shingo huku na huku, mara kwenye ukuta wa jiko, mara kwenye ndevu za Mzee, hata chaki ikamdondoka.

"Chungu," akasema Tusekile, "mwambie fundi asikate mbao. Akate ukuta."

Mkishaelewa alichokisema, mtaelewa kwa nini Ambokile aliketi chini. Meza ibaki na futi zake zote kumi na nane. Ipite ndani ya ukuta, kumi na moja zikae sebuleni, saba zikae jikoni. Juu yake, ukutani, pabaki tundu la kimo cha bakuli lenye kawa, lifunikwe khanga. Mkono utapita. Sahani itapita. Uso hautapita. Mila itakuwa imekaa pale pale, na nyumba yote itakuwa imekula meza moja.

Gwakisa alisema jambo kama hilo halijawahi kuonekana. Lugano alimjibu kwamba hata miguu ya simba hawakuwahi kuiona mpaka alipoiona kwa afisa. Wote wakamtazama Mzee, kwa maana ukuta ulikuwa wake. Aliujenga mwaka alipooa, yeye akipanga matofali, marehemu mkewe akimpokeza na kuupaka lipu. Pale chini, karibu na kona, palikuwa bado na alama ya kiganja cha mama yule, alipojiegemeza siku lipu ikiwa mbichi.

Mzee alikitazama kile kiganja. Kisha akainuka juu ya magoti yake mabovu, akachukua patasi na nyundo kutoka kwa fundi, akapiga pigo la kwanza mwenyewe. Alichosema ni kwamba kiganja kile kisiguswe. Hakikuguswa.

Habari zikatoka nje kabla ya kifusi. Watu wa Darajani walikuja kuchungulia, wakasema sebule ya Mzee Mwanjisi imekosa mto ila daraja inalo. Wakaiita nyumba yake Darajani Ndogo. Watoto walibisha hodi kuomba kuvuka. Wazee wenzake walimuuliza kama akizeeka zaidi atapitisha na kitanda. Mzee alikuwa mtu wa kuheshimiwa, hakuzoea kuchekwa, na wiki tatu hakwenda kilabuni. Lakini wake za watu walipokuja kutazama, hawakucheka. Walirudi makwao wakizipima kuta zao kwa macho.

Meza ikakamilika. Ambokile aliipaka mafuta mpaka ikaakisi taa. Tusekile akatundika khanga kwenye tundu, na kwa bahati, au si kwa bahati, upande wenye maandishi aliuelekeza sebuleni. Iliandikwa: NIMENYAMAZA SIJALALA. Mzee akawa anaisoma kila alipoinua macho.

Siku ya kwanza ya kula akachinjwa jogoo. Fundi akaalikwa. Mzee aliketi kichwani mwa meza, huku sebuleni. Na kwa kuwa meza ina vichwa viwili, Tusekile aliketi kichwani mwa meza, kule jikoni. Bakuli la kuku likaondoka mekoni, likateleza juu ya mvule, likapita chini ya khanga, likamfikia Mzee kabla halijaacha kutokota. Akatia tonge kinywani kama alivyozoea, bila tahadhari, akaungua ulimi.

Hakulalamika. Alikula, akala tena. Mkeka ulikuwa umekwisha kuhamishwa, kwa hiyo alisema na meza. "Meza," akasema, "kumbe miaka saba nimekuwa nikila uchovu wa njiani."

Kisha akaiinua firigisi kwa vidole viwili, akaiweka peke yake kwenye sahani nyeupe. Akasema ahadi ni deni, anayeidai na aseme.

Lugano alisimama wa kwanza, akaweka mguu wake juu ya benchi ili watu wauone ule ukucha usiokuwepo. Alisema wenzao wote mjini walipata mbao kama zao, na leo wana majivu. Fundi angepiga randa nini? Wazo lingekaa juu ya nini? "Kabla ya yote kuna mbao," akasema, "na mbao nimezileta mimi, majini, peke yangu. Aliyeiokoa ndiye aliyeifanya iwe. Nipeni changu."

Ambokile akasema kwa upole kwamba alichokileta Lugano hakikuwa meza. Kilikuwa mawe na misumari yenye ngozi ya mbao. Mafundi wote waliikataa. Yeye ndiye aliyeweka sikio, yeye ndiye aliyezika misumeno mitatu. "Na mimi neno la mwisho silitaki," akasema. "Mkinipa firigisi, nitasema neno moja tu: Ambokile ale hapa kila siku, tena chakula cha moto. Halafu nitanyamaza maisha yangu yote." Watu wakamtazama Lugano. Lugano akaitazama mbao.

Gwakisa akasimama, akajikohoza. Alisema wasisahau kwamba aliyemwoa mwenye wazo ni yeye. Hata watoto walicheka. Dada yake akamwambia, "Kaa, kaka. Wewe ulipita ukingoni." Akakaa.

Ndipo khanga ikatikisika kidogo.

"Meza," sauti ya Tusekile ikasema, "uwaambie hivi. Wifi yangu aliokoa mbao, na mguu wake nimeukanda mimi. Fundi alifanya mbao ziwe laini. Siwapunguzii. Lakini ahadi haikusema atakayeleta meza, wala atakayechonga meza. Ilisema atakayeifanya iwe meza ya nyumba yote. Mbao zilikuwepo, fundi alikuwepo, na nyinyi mlikuwa mnachagua miguu ya simba. Mngekula vizuri sana, watu watano. Iliyoifanya iwe ya wote ni sentensi yangu."

Akaendelea.

"Na nisiwafiche. Nikiila firigisi hiyo, neno langu la kwanza la mwisho mtalisikia leo leo. Nitasema khanga hii itoke."

Hapo Lugano alisahau mguu wake. "Hapana, wifi. Hapo unaturuka. Wazo lako lilipendwa kwa sababu liliacha mila pale ilipo. Ni kwa ajili ya mila baba alikubali ukuta ukatwe. Sasa unataka tuzo ya kuitunza mila, ili uitumie kuiua?"

"Tena khanga ikitoka," Ambokile akadakia, "ukuta tulikatia nini? Si mngekata mbao tu, mkaketi wote sebuleni?"

"Wifi," Tusekile akasema taratibu, "anayejenga ngazi akiwa shimoni hajasema kwamba shimo ni zuri. Na wewe fundi, kabla ya tundu hili, nani humo ndani alijua kwamba chakula changu kina moto?"

Mzee alipiga meza kwa kiganja, polepole, wote wakatulia.

"Na mimi je?" akauliza. "Mmenisahau kwa kuwa nimekaa kwenye kiti cha kutoa? Lugano alitoa ukucha, Ambokile alitoa misumeno, mwenzetu wa jikoni alitoa sentensi. Ukuta ulikuwa wangu. Niliujenga na mtu ambaye hatajenga nami tena, nikaupiga patasi kwa mkono huu. Mji mzima umenicheka, na umri wangu si wa kuchekwa. Hakuna aliyelipa kama mimi. Naweza kuila firigisi hii sasa hivi, na hakuna atakayesema nimeiba."

Akaitazama ile khanga. Alipoendelea, sauti yake ilikuwa ndogo, na alisema na meza tena.

"Meza, nikimpa yeye, khanga itatoka, na mkamwana wangu ataniona. Miaka saba amesikia kikohozi changu, amedhani nyuma ya kikohozi kile kuna mtu mkubwa. Atamwona mzee asiye na meno ya upande mmoja, anayetafuna kama mbuzi, mchuzi kidevuni. Heshima hiyo si yake peke yake iliyokuwa ikijificha. Nami nilikuwa nimejificha humo." Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Na nisipompa, nimehesabu watano kwa mara ya pili. Ya kwanza nilikosea. Ya pili itakuwa nimekusudia."

Akainuka, akaisukuma ile sahani, akiifuata kando ya meza. Ikateleza juu ya mvule wa shimoni mwa baba yake, ikampita Ambokile, ikampita Lugano, ikawapita watoto walioifuata kwa macho, ikafika pale ukuta unapokaa juu ya meza. Ikasimama. Nusu ya sahani iko sebuleni, nusu iko jikoni, pindo la khanga limelala juu ya firigisi kama kawa. Mkono wa Mzee haujauachia ukingo wa huku. Na kutoka kule, mkono wenye alama za moto ukaja, ukashika ukingo wa kule. Kwa miaka saba watu wale wawili hawakuwahi kushika kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Hakuna anayevuta. Hakuna anayeachia.

Nawasikia wale wa nyuma mnanong'ona kwamba wagawane. Firigisi iliyokatwa vipande ni nyama tu, na mkataji ndiye atakuwa amesema neno la mwisho. Nawasikia na wale wa mbele, mnasema wote walistahili. Hilo ni jibu la mtu anayetaka kwenda kulala. Wote walistahili, lakini kuku ni mmoja, na atakayepewa ndiye atakayeamua kama khanga itakaa au itatoka. Msinipe methali. Nipeni jina, na mnipe sababu, na kabla hamjajibu mwangalieni mliyemwacha shimoni.

Yuko aliyeziokoa mbao. Yuko aliyezishinda. Yuko aliyesema ukuta ukatwe, na yuko aliyekubali wake ukatwe akachekwa. Wote wanne wameinamia sahani moja, na firigisi inapoa.

Je, nani alistahili?